Uchachu wa porini: mwongozo wa kuokota na kupika ubuyu, ukwaju, bungo na wenzao

Matunda mengi ya porini kwetu hayana utamu wa kujivunia. Anayeingia vichakani akitafuta kitu cha kushindana na embe dodo atatoka na kikapu kitupu na mikwaruzo ya miiba. Kilichojaa huko ni uchachu, na uchachu huo ndio mali yenyewe. Ndio unaokata mafuta ya tui, unaofuta shombo ya samaki na kuuzindua uji uliopooza. Basi mwongozo huu unayachukua matunda haya kama viungo vya jikoni kwanza, na kama tunda la kula mkononi baadaye. Nimejifunga kwenye ukanda mmoja: pwani kuanzia Kilifi na Kwale kushuka Tanga, Bagamoyo hadi Kilwa, visiwa vya Unguja na Pemba, kisha bara kavu ya Dodoma na Singida. Nyanda za juu na maeneo ya Ziwa yana matunda yake mengine, na yana wajuzi wake.

Kabla ya kutoka: mti una mwenyewe

Kuota lenyewe porini hakuufanyi mti kuwa wa kila mtu. Pwani ni jambo la kawaida mti uwe wa huyu na ardhi iliyo chini yake iwe ya yule, na mkwaju uliosimama peke yake katikati ya shamba la mihogo mara nyingi una ukoo unaoutazama kila mwaka. Piga hodi, uliza. Gharama ya kuuliza huwa ni salamu ndefu, na mara nyingi utaelekezwa mti wenye ukwaju mzuri kuliko ule uliokuwa umeukusudia.

Ardhi ya kijiji ina serikali ya kijiji, kwa hiyo pitia kwa mwenyekiti. Kwenye misitu ya hifadhi Tanzania, uvunaji wa mazao ya msitu unaongozwa na Sheria ya Misitu ya 2002, na kibali hutafutwa kwa wakala wa misitu, TFS. Kenya, ulizia kwa shirika la misitu, KFS. Ndani ya hifadhi za taifa, usiguse kitu. Na kwa walio Kilifi na Kwale: misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, si mahali pa kupeleka kikapu. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini miiko yake ni ya zamani sana kuliko orodha hiyo, na wazee wa kaya ndio wenye kauli.

Vifaa ni vichache. Kapu la ukili au gunia linalopitisha hewa, kwa sababu mfuko wa plastiki huyatoa jasho matunda na kuyachachusha kabla hujafika nyumbani. Upembo mrefu wa kuangulia. Kisu, kitambaa, chupa ndogo ya mafuta ya kupikia (utaona kazi yake kwenye bungo), viatu vya kufunika mguu na maji ya kunywa. Nenda asubuhi. Jua la saa sita halimfai mtu anayetazama juu.

Yanayoua

Sehemu hii usiiruke, hata kama umekulia kijijini. Kuna watu wanaosema tunda analokula ndege au nyani ni salama kwa binadamu. Si kweli. Ndege humeza mbegu zenye sumu na kuzitoa nzima, wewe ukizitafuna zinakumaliza.

Kuna manne ya kumfundisha kila mtoto anayefuatana nawe. Ndulele, ambayo wengine huiita tunguja, ni kijiti chenye miiba na vitunda vya mviringo vinavyogeuka manjano vikiiva; vinavutia na vina sumu. Mbono wa kaburi, ule unaopandwa kuwa uzio, mbegu zake zina ladha ya karanga, na ndiyo maana watoto huzila na kuishia kutapika na kuhara vibaya. Mbegu za mbarika ni hatari zaidi. Mturituri ni ule mtambazi wenye mbegu nyekundu zilizo na doa jeusi, zinazotungwa shanga: mbegu ikitafunwa inaweza kuua.

Kanuni yangu ni kula tu ninachokitambua kwa mambo matatu kwa pamoja, yaani shina, jani na tunda. Ukikipata tunda chini na huoni mti uliolidondosha, liache. Na mwalimu wa kwanza katika eneo usilolijua awe mtoto anayechunga mbuzi. Huyo anakula porini kila siku na bado yu hai.

Ubuyu

Mbuyu hauhitaji kutafutwa, unaonekana kilomita nzima kabla hujaufikia. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote, na matunda hubaki yananing'inia kwenye vikonyo virefu, kila moja peke yake. Huo ndio msimu wako. Sehemu nyingi matunda huwa tayari baada ya masika kwisha, kipupwe kinapoingia, na huendelea kupatikana hadi karibu na vuli kwa sababu hukaukia juu ya mti bila kuoza.

Usipande. Utaona vigingi vilivyopigiliwa kwenye shina na wapandaji wa zamani, waachie wenyewe. Mti ni mrefu, gome ni laini, na uwazi wa ndani ya shina mara nyingi una nyuki, wakati mwingine nyoka. Rusha kipande cha mti kwenye kikonyo, au okota yaliyoanguka usiku.

Tunda lililoiva ganda lake limetoka kwenye kijani na kuingia hudhurungi iliyofifia. Vile vinyweleo laini vinavyolifunika vinawasha shingo na mikono, kwa hiyo yasugue kwa gunia kabla ya kuyapakia. Kisha fanya majaribio mawili. Ligonge kwa ukucha, utasikia uwazi ndani. Litikise karibu na sikio, na likicheza ndani ujue nyama imekauka na kujitenga na ganda. Zungusha tunda zima ukitafuta ufa au tundu la mdudu. Lenye ufa liache hapohapo, kwa sababu maji ya mvua au umande hupenya na kuleta ukungu, na ukungu unaweza kuzaa sumukuvu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi.

Nyumbani pasua kwa jiwe. Ndani utakuta mabonge meupe au ya rangi ya maziwa, yamefungwa na nyuzi nyekundu. Ukilivunja bonge linatoa vumbi kidogo na kubomoka kwa mlio mkavu. Hivyo ndivyo linavyotakiwa. Likiwa la kijivu, limelowa au linanuka kama chumba kilichofungwa, tupa tunda zima na usijaribu kuchagua upande mzuri.

Ili kupata unga, toa nyuzi, weka mabonge kwenye kinu na utwange taratibu. Mchi uanguke kwa uzito wake tu, usiusukume: unataka unga uachane na mbegu, hutaki mbegu zivunjike. Chekecha, rudisha mabaki kinuni, chekecha tena. Unga uhifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, hasa ukikaa pwani, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka jiwe. Lakini hakuna chupa inayolishinda ganda lenyewe. Tunda zima lisilo na ufa hukaa miezi, kwa hiyo pasua unachohitaji wiki hiyo.

Ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule, na vitamini hiyo haipendi moto. Ndiyo sababu juisi ya ubuyu hailowekwi kwa maji yanayochemka, ingawa wengi hufanya hivyo ili kuharakisha. Chukua vikombe 2 vya ubuyu wenye mbegu, mimina vikombe 5 vya maji ya vuguvugu, acha nusu saa, kisha fikicha kwa mkono hadi mbegu zitoke nyeusi na zikiteleza. Chuja mara mbili. Tia sukari kidogo kidogo ukionja, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ikikaa itajitenga, nzito chini na nyepesi juu, koroga tu.

Kwenye uji wa uwele au mtama, kama wanavyofanya Dodoma, pika uji kama kawaida, epua, ngoja dakika chache uache kuchemka, ndipo ukoroge unga wa ubuyu vijiko 3 hadi 4 vya chakula kwa lita moja. Mwenye kutaka maziwa achague moja: ubuyu na maziwa ya moto vikikutana, maziwa hukatika. Ubuyu pia una pektini, ile gundi ya asili ya matunda, inayofanya uji uwe mzito, hivyo punguza unga wa nafaka kidogo.

Kisha kuna ubuyu wa peremende, ule wa Unguja na Mombasa. Unahitaji nusu kilo ya ubuyu wenye mbegu, vikombe 2 vya sukari, kikombe 1 cha maji, kijiko cha chai cha hiliki ya kusaga, nusu kijiko cha pilipili manga, pilipili kali ya unga kwa kadiri ya ujasiri wako, na chumvi kidogo. Kabla ya yote, kung'uta ubuyu kwenye chekecheke upate unga kiasi cha kikombe kimoja, uweke kando. Chemsha sukari na maji bila kukoroga hadi shira inate: tone likishikwa kati ya vidole viwili vinyevu na kuvutwa, litoe uzi. Tia viungo, epua, mimina ubuyu wote na ugeuze haraka kwa mwiko mpaka kila mbegu ipate koti. Ukipoa nusu, nyunyizia ule unga uliouweka kando na uendelee kugeuza ili mbegu ziachane. Hapo ndipo utofauti unapopatikana: uchachu wa unga mbichi juu, utamu chini yake.

Rangi nyekundu ya dukani sina haja nayo. Ukiitaka rangi, chemsha choya kwenye yale maji kabla ya kutia sukari, chuja, endelea. Nyekundu yake ni tulivu zaidi, na uchachu unaongezeka badala ya kufunikwa.

Ulaya iliuruhusu rasmi unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikafuata 2009. Kipya kwao, bila shaka. Bei yake kwenye maduka ya huko ingemfanya mama muuza ubuyu nje ya geti la shule akae chini kwanza.

Ukwaju

Ukwaju huokotwa wakati huohuo wa ukame, na kosa la wengi ni haraka. Shika ganda kati ya kidole gumba na cha shahada, bonyeza. Likivunjika kwa mlio na kuacha nafasi kati yake na nyama, tunda limeiva. Likikataa, likipinda au likionyesha kijani chini ya ngozi, bado. Usiyapige matawi kwa fimbo ovyo; tikisa tawi kwa upembo, yaliyo tayari yataanguka yenyewe.

Onja kabla ya kuchanganya mavuno ya miti miwili. Kuna mkwaju wenye ukali wa kuziba masikio na kuna ulioelekea utamu, na ukiuchanganya hutajua tena kipimo cha mapishi yako.

Menya maganda, chomoa zile nyuzi ngumu zinazokimbia pembeni, toa mbegu nyingi kadiri uwezavyo. Anika juani siku mbili au tatu ukiwa umefunikwa chandarua dhidi ya nzi. Nyunyizia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kilo, shindilia kwenye chupa ya kioo au chungu hadi hewa isibaki. Utazidi kuwa mweusi kadiri miezi inavyokwenda. Huko si kuharibika. Usiuhifadhi wala kuupika kwenye sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi yake hula alumini na mchuzi hupata ladha ya sarafu. Tumia chungu, chuma kisichoshika kutu au sufuria ya enameli.

Maji ya ukwaju ya kupikia hupatikana kwa kuloweka gramu 100 kwenye kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, dakika 20, kisha kufikicha na kuchuja kwa kusukuma nyama ipite kwenye chujio. Yawe mazito. Maji mepesi yatakulazimisha utie mengi, na samaki ataogelea.

Samaki wa kupaka ndiye anayeonyesha ukwaju unafanya kazi gani. Chukua changu au kolekole wa kilo moja, mpasue, mchanje, umpake mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, chumvi na vijiko 2 vya chakula vya ukwaju mzito. Nusu saa inatosha. Ukimwacha zaidi asidi huanza kulainisha nyama ya juu. Mchome kwenye mkaa uliotulia mpaka akaribie kuiva. Wakati huo bandika vikombe 2 vya tui la kwanza na bizari ya manjano kijiko cha chai, kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi, moto mdogo, ukikoroga bila kuondoka. Tui likianza kushika mwiko, hapo ndipo unatia ukwaju, vijiko 3 kwanza, uonje, uongeze. Ukiutia mapema na moto ukiwa mkali, tui linakatika na kuelea mafuta. Rojo likiwa zito, mpake samaki upande mmoja, mrudishe jikoni, geuza, paka tena, hadi rojo limkaukie.

Ukwaju huohuo ukichemshwa na tende zilizotolewa kokwa, bizari nzima iliyokaangwa, chumvi na pilipili, kisha ukasagwa, unapata chatne ya bajia na sambusa. Kiasi cha tende kiwe sawa na cha ukwaju. Kumbuka tu kwamba ukwaju hulainisha tumbo, hivyo jagi zima la juisi yake kabla ya safari ya basi si wazo zuri.

Bungo

Hapa panataka mkono. Mbungo ni mtambazi mnene unaopanda miti mikubwa ya msitu wa pwani na kando ya mito, na matunda yake yanayofanana na machungwa yasiyo na adabu huning'inia mahali ambapo huwezi kufika. Tumia upembo, na kamwe usikate shina ili kuyashusha. Ni miaka mingi kabla mwingine haujafikia kimo hicho.

Chuma yaliyogeuka rangi ya chungwa yote. Yenye kijani hutoa utomvu mweupe mwingi unaonata mikononi na midomoni. Hata lililoiva lina utomvu kidogo kwenye ganda, na ndipo ile chupa ya mafuta inapofanya kazi: paka kisu na viganja kabla ya kupasua, vitasafishika kwa urahisi.

Kata ganda kuzunguka kiunoni, usiingize kisu ndani sana, kisha zungusha nusu mbili kinyume. Toa kokwa zote zilizovikwa nyama ya rangi ya dhahabu. Kwa mabungo 8 makubwa, mimina lita moja na nusu ya maji ya vuguvugu, acha robo saa, halafu pekecha kwa mkono. Nyama imeng'ang'ania kokwa kwa nyuzi, kwa hiyo usitarajie kokwa zitoke safi. Inatosha maji yakipata rangi na harufu. Chuja kwa kifumbu au kitambaa cha tui, kamua, tia sukari robo tatu ya kikombe na chumvi kidogo. Iweke kwenye barafu mpaka ipoe hasa.

Bungo na blenda hawapatani. Visu vinavunja kokwa na juisi inapata uchungu unaobaki kooni. Kama lazima, gusa kitufe mara moja moja, usikiachie kiende.

Usiichemshe juisi ya bungo ili idumu. Harufu yake ndiyo nusu ya tunda, na moto huifukuza. Igandishe kwenye vikombe vidogo, itoe inapotakiwa.

Mengine, kwa kifupi

Matonga yana ganda gumu la kupasuliwa kwa jiwe na nyama ya rangi ya kahawia, tamu na chachu, inayofaa kukorogwa kwenye uji. Kula yaliyoiva tu, fyonza nyama, na usitafune wala kusaga mbegu. Mti huu ni wa jamii moja na ule wa India unaotoa sumu ya strikinini, kwa hiyo hapa hakuna majaribio.

Kunazi zinapatikana kiangazi chini ya mkunazi, mti uleule ambao majani yake Waislamu huyatumia kuoshea maiti. Miiba yake imepinda na hushika nguo, kwa hiyo tandika mkeka chini na utikise tawi. Mbichi ni nyepesi mdomoni. Zikikaushwa juani mpaka zikunjamane utamu hujikusanya, na ukizichemsha kwa maji kidogo na tangawizi unapata rojo zuri la kula na mkate wa ufuta.

Ng'ongo huanguka zingali za kijani na kuivia chini, hivyo usiangue. Okota, ziache ndani siku mbili tatu zigeuke manjano. Zile hadithi za tembo kulewa kwa kuzila zinachekesha, lakini tembo angehitaji kula kiasi kikubwa mno kwa wakati mmoja. Kokwa likipasuliwa lina kiini chenye mafuta, kitamu kikikaangwa.

Furu, au fudu, zinaokotwa zikiwa nyeusi kabisa. Zina utamu wa kweli, nyama kidogo na kokwa kubwa. Zichemshe nzima kwa maji yanayozifunika tu, dakika 20, zisugue kwenye chujio, pima rojo, tia sukari nusu ya kipimo hicho na vijiko 2 vya unga wa ubuyu uliokorogwa kwa maji. Huo ubuyu unaleta uchachu ambao furu hazina na pektini ya kuifanya jemu ishike. Chemsha hadi tone likidondoshwa kwenye sahani baridi lisitiririke, tia kwenye chupa zilizochemshwa, na ikishafunguliwa iweke kwenye friji.